Vidole Vilivyosogea

Kwa wapakizi wa ghala la saruji, mtu akianguka haachwi chini. Akilala, wanasema, mwili utapoa na mgongo utakaza. Lazima ainuliwe palepale na atembezwe hatua tatu. Nyapara, mkuu wao, alikuwa bingwa wa tiba hiyo, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Asubuhi ile aliyeanguka kutoka juu ya lori alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Chuma. Alitua chali sakafuni, akili zake timamu.

"Kaka, mgongo unawaka moto," alisema, huku akichezesha vidole vya miguu. "Ila mzima."

Nyapara akamshika makwapani, mwenzake akashika kiuno, wakamwinua kwa mkupuo mmoja kama mfuko. Kitu kikalia ko! Chuma akapiga ukelele. Miguu ikalegea.

Hospitalini, daktari, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, aliinua picha ya eksirei mbele ya kitanda.

"Hizi ni pingili za mgongo. Katikati yake inapita kamba laini ya mishipa ya fahamu, inashuka kutoka kwenye ubongo. Ubongo ukitaka mguu usogee, amri inapita humo. Pingili hii imevunjika, inaibana. Sasa nataka ukweli: baada ya kuanguka, alisogeza miguu hata kidogo?"

Nyapara alilijua jibu. Alijua pia swali ambalo lingefuata: nani alimwinua?

"Hapana. Alipoanguka tu, ikafa ganzi."

Daktari akamgeukia mgonjwa. Chuma alimtazama kaka yake kitambo.

"Ni kama kaka alivyosema."

Kwenye korido daktari alivua miwani. "Angekuwa alisogeza, ningejua kamba ilipona anguko, imebanwa baadaye. Ningempasua sasa hivi. Lakini chumba cha upasuaji ni kimoja, na kuna mwingine damu inamvujia kwenye ubongo. Kama kamba ya huyu ilikufa palepale, haraka haitamfaa sana. Atasubiri hadi Alhamisi."

Nyapara akafumbua mdomo. Wakati huohuo mke wa Chuma akafika mbio, akamshika mikono yote miwili.

"Shemeji, Mungu akubariki! Wameniambia wewe ndiye uliyemwinua pale chini."

Basi akaufumba mdomo. Dume zima, linabeba mifuko miwili kwa mpigo, limeshindwa kutoa sentensi moja! Daktari akaenda zake.

Alhamisi Chuma akapasuliwa. Jumamosi daktari alimchoma nyayo kwa sindano, kisigino hadi kidole gumba, akiuliza kila mara kama anahisi. Hakuhisi kitu. Daktari alipotoka, Chuma akamwita kaka yake karibu.

"Kaka, ule uongo ulikuwa wa nini?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Nyapara.

"Nilijua ukisema hapana, una sababu," Chuma akaendelea. "Maisha yangu yote nimekufuata wewe. Nikakufuata na pale."

Nyapara alitafuta sababu ya kiume ya kumpa, asiipate. Machozi yakamlengalenga.

"Niliogopa watajua ni mimi niliyekuvunja."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Chuma akamwomba amwite nesi, aje amgeuze aelekee ukutani.