Shingo ya Twiga

Bi Mauza wa nyumba ya pili anasema aliona yeye wa kwanza. Alikuwa uani anapepeta mchele, anasema, na kanga ya dada yangu iko kambani, mara yule twiga aliyechapwa kwenye kanga akameza. Si upepo. Alimeza kama mtu anavyomeza mate, na shingo yake ikateremka kidogo.

"Jua limekupiga, Bi Mauza," nilimwambia.

"Jua linanijua tangu sijavunja ungo, mwanangu. Kile ni kichwa kilichokatwa. Kinatafuta mwili, na mwenye nguo anayo miili miwili."

Kanga zile zilitoka mwaka ule mji ulipopakwa chokaa kumngojea mgeni aliyetumwa na Malkia wa Uingereza. Katikati pana duara, ndani yake kichwa cha twiga, nembo ya Tanganyika ya Mwingereza, ile ile ya kwenye bendera yake. Chini yake maandishi: AONAYE MBALI HANENI. Shemeji yangu Shaibu, fundi wa karakana ya reli Gerezani, alimletea mkewe doti moja kwa furaha, maana mimba ilikuwa imeingia mwezi wa saba, na mbili za kabla yake hazikufika huko. Dada Kuruthumu akaipenda, akawa hafungi nyingine.

Mimi ndiye niliyeikata na kuipiga pindo, kwa hiyo naijua. Siku ile, kati ya shingo na maandishi palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Bi Mauza alipokwisha kusema nikapima tena. Viwili.

Nikaenda Mchafukoge, dukani kwa Kanubhai, ilikonunuliwa.

"Pamba ikifuliwa inarudi, dada," alisema.

"Upana haukurudi. Ni shingo tu imezidi."

"Basi amekula majani ya uani kwenu."

Wateja wakacheka. Nikangoja wamalize, nikamwuliza kwa nini walichora kichwa, mwili wakauacha wapi.

"Hii nembo, Siwema. Kila kitu ndani yake kina maana. Twiga anaona mbali, halafu hana sauti. Serikali ikitafuta mnyama wa kuweka kwenye bendera itamtaka nani? Wewe unayeuliza-uliza?" Akakunja kitambaa chake. "Mwili hauna maana. Ndiyo sababu haukuchorwa."

Nilirudi kwa miguu, neno moja likinizunguka: hana sauti. Maana dada yangu, aliyekuwa akigombana na wauza samaki mpaka wanamtupia mmoja wa nyongeza ili aondoke, siku zile alikuwa amepungua maneno. Shemeji alidhani ni uzito wa mimba. Ukimwita, anageuza shingo polepole, anakutazama kwa juu kama aliye nyuma ya ukuta, kisha anaendelea kutafuna. Hana kitu kinywani.

Kanga ile nikaificha stoo, chini ya magunia ya mkaa. Alasiri nikamkuta uani amekaa mkekani, ameifunga kifuani. Haikuwa na hata doa la mkaa.

Nikapiga magoti mbele yake na kanga kuukuu ya marehemu mama.

"Dada, vua hiyo. Jifunge hii ya mama, ni laini."

Hakuvua. Macho yake yalipita juu ya kichwa changu, juu ya mabati ya Kariakoo, yakaenda mbali. Nikatazama kanga. Hapakuwa tena na nafasi ya kupima. Shingo ilikuwa imepita juu ya maandishi, ikateremka mpaka kwenye mviringo wa tumbo, na hapo sikuona mwisho wake.

Nikaweka kiganja tumboni. Ndani kitu kiliteremka taratibu, kama tonge linalopita kooni.

"Mtoto anacheza, siyo?" nikasema. "Da Kuru, nambie anacheza. Neno hilo moja tu."

Akageuza shingo, akanitazama kwa juu, akaendelea kutafuna.