Kaimu wa Siku Tano

Saa mbili na nusu asubuhi Katunge aliketi kwenye benchi la ofisi ya maji, viatu vimejaa mchanga wa mto, akingoja sahihi ya kufungulia bomba. Wanawake ishirini na wawili wa mwethya wake, kikundi chao cha kazi za pamoja, walikuwa wamechimba mtaro kutoka barabarani hadi kijijini kwa neno lake yeye. Aliwaambia maji yanakuja. Huu mwaka wa pili, mtaroni hulala mbuzi.

Kaimu mkuu mpya wa ofisi hiyo alikuwa kabaila wa Kireno aliyekufa miaka mia moja na hamsini iliyopita. Kwao aliwahi kuongoza serikali kwa siku tano. Alivaa koti lenye nishani, upanga akauegemeza kwenye kabati la faili. Mulinge, karani, alimwonyesha choo na mahali pa kuchajia simu, basi.

"Mzee, ni hii sahihi tu," Katunge akasema. "Makaimu saba wameniambia nikuje kesho."

"Mama, mimi ni kaimu," akajibu kwa upole. "Hata zile siku zangu tano sikutia sahihi barua yoyote. Nilingoja nithibitishwe."

"Ukathibitishwa?"

"Hapana."

Kusema kweli, Katunge alikuwa amechoka hadi mifupani. Alirudi Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kila siku Mreno alimkaribisha kiti, akaisoma fomu yote, akaguna. Ijumaa alichovya unyoya kwenye wino, akaweka sahihi ndefu yenye mikia. Katunge alilia, wala hakujificha.

Mulinge aliikagua fomu. "Barua yake ya kuondolewa imefika saa tatu," akasema. "Hii ameweka saa nne. Mama, utaanza upya na mwenye anakuja."

Jumamosi, mwethya ulipokutana mtoni kufukua kisima cha mchangani, Mreno alifika na jembe la kuazima. Kanyiva, mwenyekiti, alimwandika daftarini chini ya jina la Katunge, akampimia hatua nne kama kila mtu. Kwa maiti, alichimba vizuri. Maji yalipotoka, machache na ya kahawia, alichota wa mwisho kwa kuwa ndiye mwanachama mpya.

Jumatatu saa mbili na nusu Katunge alikuwa kwenye benchi. Mreno aliketi kando yake, kofia magotini, amekuja kushuhudia kwamba sahihi ni yake. Kitini alikuwa kaimu wa tisa.

"Nyinyi wawili," akasema bila kuinua macho, "rudini kesho."

Mreno ndiye aliyeinuka kwanza. Alikuwa ameshazoea.