Yowe Ambalo Generosa Hakulipiga

Generosa alikuja hapa Ushirombo kutoka Burundi na mumewe Stanslaus, wakapanga kibanda cha uani kwangu. Watu wa kazi, hawana maneno na mtu.

Mchana mmoja mwano ukapigwa. Mwano ni lile yowe la kuomba msaada. Ukilisikia unaacha hata ugali jikoni, unakimbia. Ng'ombe wa mzee Clemens walikuwa wameibwa. Kijiji kizima tulitoka. Generosa akamvuta mumewe ndani, akafunga mlango.

"Wametia na komeo," jirani yangu Dorah akacheka, "utadhani wana dhahabu uvunguni!"

Wazee hawakucheka. Asiyeitika mwano hutengwa: hasalimiwi, hapewi kaa la moto, hachoti maji kisima cha wote. Nikaenda kumuuliza Generosa kwa nini hawakutoka.

"Bibi," akasema, "kwetu yowe likisikika unafunga mlango, unawaziba watoto midomo. Baba yangu alitoka kwenda kuangalia. Hakurudi."

Nikayafikisha maneno hayo kwa wazee. Clemens akanijibu, "Mayu, mama yetu, siku akilia yeye atajua kwa nini sisi hutoka." Wakatengwa, yeye na mumewe.

Kiangazi kikakaza. Stanslaus akaanza kuchimba kisima chake mwenyewe, pale nyuma ya kibanda, kwenye udongo wa kichanga.

Nilikuwa napepeta mchele nilipomwona Generosa kasimama mbele yangu. Mkono mmoja kaziba mdomo, wa pili ananivuta kanga. Sauti hana. Nikamfuata. Palipokuwa na shimo palikuwa na udongo mbichi na ncha ya kamba.

"Lia, mwanangu! Lia waje!"

Akatikisa kichwa, machozi yanamtiririka. Basi nikapiga mwano mimi, kwa kifua changu hiki kibovu.

Walikuja wote. Clemens alitangulia, akafukua kwa mikono hadi kucha zikatoka damu. Tulimtoa Stanslaus mwili bado una joto, pumzi hakuna.

"Mama, ungelia tu," Clemens akamwambia. "Tungekuja hata kama tumekutenga."

"Niliwaogopa watakaokuja," Generosa akasema.

Kaburi walilichimba wale wale. Tangu hapo wanamsalimia, na anachota maji pamoja nasi.

Juzi mwano ulipigwa tena, mtoto kapotea upande wa machimbo. Generosa alinipita mbio, jembe begani, mkono mmoja bado kazibia mdomo.