Jibu Lililotangulia Swali

Fundi cherehani na shemeji yake, mdogo wa mkewe, walikuwa na mchezo wao pale kibandani. Kila asubuhi redio iliuliza swali la historia, na aliyeshindwa kujibu ndiye aliyepika chai. Kwa miezi mingi mpishi alikuwa fundi. Wiki hii kibao kiligeuka: fundi alijibu kila kitu, kichwa kikamvimba.

"Shemeji, kwani wewe shule ulifuata uji tu?" alimtania Alhamisi, kanyoosha miguu akiletewa kikombe.

Ijumaa kipindi kilipoanza, fundi alikuwa anapigana na zipu ya suruali ya mteja. Hata uso hakuinua.

"Farao Khufu!" akasema. "Haya, bandika maji, mama."

Shemeji aliendelea kushona kifungo chake. "Shem, huyo wa redioni bado anatangaza sabuni."

Cherehani ikanyamaza. Fundi akakohoa kikohozi cha uongo, akaanza kutafuta mkasi aliokuwa ameushika. Ndipo mtangazaji akauliza: Piramidi Kuu ya Giza ilijengwa enzi ya farao gani?

"Nimebahatisha tu," fundi akajitetea.

"Bahati gani? Dada aliniambia tangu Jumatatu. Kipindi hiki kinarushwa kwanza alfajiri, na wewe unajifungia bafuni na redio."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Shemeji akakata uzi kwa meno, akainuka kubandika maji.

"Nikuumbue, halafu nirudi kunywa ile chai yako?"