Stendi ya Kinyozi Kanisani Suna

Phelesia Awino hakuwahi kuificha dharau yake, na watu wa Suna walikuwa wameizoea kama walivyozoea vumbi la barabara ya mpakani. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mjane, mrefu kuliko wanaume wengi wa kanisa lake, na ndiye peke yake aliyejua kupiga kinanda kwa kusoma nota. Mwenzake aliyepiga, kijana wa Kikuria aitwaye Mniko, alipiga kwa sikio, na kwa maoni ya Phelesia sikio lenyewe lilikuwa moja, tena la kuazima.

Kinanda hicho kiliachwa na mmisionari mmoja mwanamke aliporudi kwao mwaka uliofuata Jamhuri. Kilikuwa sanduku la mbao lenye vitufe vyeupe na vyeusi, na nyuma yake mvukuto wa kusukumwa kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipiga. Miguu hakikuwa nayo. Kilikaa juu ya meza ya shule, na meza hiyo haikumfaa mtu yeyote. Phelesia alipiga amesimama, amejikunja kama mtu anayechungulia chungu cha jirani, na Mniko, ambaye Mungu alimpunja kimo, alipandia kreti ya soda. Phelesia alipiga ibada ya asubuhi, ya Kijaluo. Mniko alipiga ya mchana, ya Kiswahili, iliyohudhuriwa na Wakuria, Wakisii na kila Mjaluo aliyechelewa kuamka. Kila Jumatatu Phelesia alifundisha akiwa ameshika kiuno, na watoto wa darasa la pili wakajua kwamba Jumatatu si siku ya kukosea hesabu.

Alipoomba kanisa linunue stendi ya kuwekea kinanda, kamati ilikaa alasiri nzima ikijadili kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukigusa. Mmoja aliuliza kama haiwezekani kukata miguu ya meza. Phelesia akamjibu kwamba wakiikata, Mniko atapona na yeye atapiga akiwa amelala kifudifudi. Alichotaka hakikuhitaji shule kukielewa: stendi ya kupandishwa na kushushwa, isiyotikisika mtu akisukuma mvukuto, na ya bei ambayo kanisa maskini linaweza kuimudu bila kung'oa mabati yake. Mwenyekiti, mzee Cephas Odongo, alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akatangaza kwamba atakwenda Homa Bay mwenyewe kuichagua.

Papo hapo Phelesia akasema naye atakwenda. Alimjua Cephas vizuri. Ndiye aliyelinunulia kanisa kengele inayolia kama sufuria iliyoangushwa. Ndiye aliyeivisha kwaya majoho ya kitambaa kizito kama blanketi, hata wakati wa kiangazi akina mama wa sauti ya pili wakawa wanatolewa nje kupepewa. Zamani Cephas alikuwa karani wa pamba, na tangu siku zile za mizani aliamini kwamba kitu kizuri ni kitu kizito. Mniko naye akachukuliwa, maana stendi ilipaswa kumtosha. Hakuna aliyemwuliza anataka ya namna gani.

Homa Bay walianzia duka la Mhindi mmoja aliyeuza redio, gramafoni na magitaa. Alikuwa na stendi moja ya mabomba ya chuma yanayong'aa, yenye skrubu za kukaza kila upande, imetoka Nairobi na bado imefungwa karatasi. Phelesia aliipenda mara moja. Aliigusa, akaikaza, akailegeza. Kisha mwenye duka akataja bei, na Cephas akaangalia dari kana kwamba bei imeandikwa huko kwa herufi ndogo zaidi. Phelesia ndiye aliyeirudisha mahali pake. Kitu chenye bei kama hiyo, alisema, kingeishi ndani ya kabati la mwenyekiti, na yeye angeendelea kupigia mezani.

Wakateremka hadi karibu na soko la samaki, alikokuwa na karakana fundi seremala mmoja aitwaye Mokaya. Nje ya karakana palisimama farasi wa mbao, ile miguu minne ya kubebea ubao, aliyomtengenezea fundi cherehani ambaye hakurudi kuichukua. Nguzo zake zilitobolewa matundu toka chini hadi juu, na kila nguzo ilikuwa na pini yake ya chuma. Ukitaka ipande, unachomoa pini, unainua, unachomeka tundu la juu. Phelesia aliegemeza viwiko vyake vyote viwili, akaulalia ubao kwa uzito wake wote, akautikisa kama mtu anayeamsha mlevi. Haukulalamika. Akamwita Mniko, pini zikashushwa, na kijana akasimama mbele yake bila kreti, mikono ikiwa sawasawa. Bei yake ilikuwa ya kanisa kama la kwao.

"Ni hii," Phelesia alisema.

Cephas aliitazama kama mtu anavyomtazama shemeji aliyekuja arusini bila viatu. Akauliza ni mtu gani mwenye akili anayepanda basi toka Suna, apite Rongo, apite Rangwe, aje Homa Bay kununua vijiti. Miti ipo Suna. Akamwambia Mokaya kwamba watafikiria, kwa ile sauti ambayo fundi yeyote anaijua, na Mokaya akarudi kwenye randa yake.

Duka la tatu ndilo lililowaponza. Lilikuwa la mtu anayeitwa Gichana, aliyenunua vitu vya Wazungu waliokuwa wakiondoka nchini na kuviuza kwa watu waliotaka kuonekana wamefika. Ndani mlijaa vitanda vya shaba, pembe za swala, mabirika yasiyo na vifuniko. Katikati lilisimama dubwana jeusi la chuma, duara chini kama jiwe la kusagia, na juu yake nguzo nene inayometameta mafuta. Ubavuni lilikuwa na mkono wa kukanyagia. Gichana alikanyaga, na nguzo ikapanda polepole, bila kelele. Akaugeuza mkono, nguzo ikashuka; akaisukuma kidogo, ikazunguka.

Phelesia aliuliza kitu hicho kilikuwa cha nini.

"Cha kuinua watu wakubwa, mama," Gichana alijibu. Kilitoka klabu moja ya Wazungu. Kiti cha juu tu ndicho kilichong'olewa.

"Hicho ni kiti cha kinyozi, mzee," Phelesia alimwambia Cephas.

"Kilikuwa. Sasa ni stendi." Cephas alikuwa ameshakizunguka, akikipigapiga kwa kiganja kama ng'ombe wa mahari. "Mwalimu, kama kilimbeba DC mzima na tumbo lake, kitashindwa na sanduku?"

Phelesia alisema aliyokuwa nayo, na hayakuwa machache. Kwamba kitu kinachozunguka si stendi, ni pia ya watoto. Kwamba kanisa haliendi kunyolewa. Kwamba akili ya mwenyekiti ingewekwa kwenye mizani yake ya pamba, jiwe la upande wa pili lisingeinuka. Cephas alikuwa mtu ambaye maneno hayamwingii akishapenda kitu. Akamgeukia Mniko na kumwuliza yeye anaonaje. Mniko aliangalia viatu vyake, akasema atapiga popote atakapowekewa. Phelesia akamdharau zaidi ya alivyomdharau mwenyekiti. Cephas angalau alikuwa na maoni.

Dubwana likapandishwa juu ya basi na wanaume wanne, nao wakalipwa kwa fedha ambayo ingetosha kununua farasi wa Mokaya na kubaki na chenji.

Jumapili ya kuliweka wakfu alialikwa mchungaji toka Homa Bay. Ubao ulikuwa umefungwa juu ya nguzo, kitambaa cheupe juu ya ubao, kinanda juu ya kitambaa. Cephas mwenyewe alikanyaga mkono mbele ya watu, kinanda kikapanda hadi kifuani pa Phelesia, na akina mama wakapiga vigelegele. Phelesia alianza wimbo wa kwanza akiwa amenyoosha mgongo, na kwa ubeti mmoja mzima alikaribia kuamini kwamba amekosea.

Katika ubeti wa pili aliona viwiko vyake vimeshuka. Katika wa tatu akawa amejikunja kama zamani. Nguzo ilikuwa ikizama, polepole, kwa adabu, na kila aliposukuma mvukuto kwa mkono wa kushoto, kinanda kizima kilijigeuza kidogo upande wa dirisha. Angeweza kuacha kupiga. Mtu mwingine yeyote angeacha. Lakini Phelesia alimwona Cephas kwenye kiti cha mbele, amekunja mikono, na akaapa moyoni kwamba wimbo hautavunjika mikononi mwake ili mzee yule apate kusema mpigaji ndiye aliyeshindwa. Akakifuata kinanda. Kikashuka, akapinda magoti. Kikageuka, akageuka nacho. Ubeti wa mwisho ulimkuta amepiga magoti sakafuni, amewapa watu kisogo, uso wake umeelekea ukutani, na bado anapiga.

Mchungaji wa Homa Bay alipomwona amepiga magoti, naye akapiga magoti. Wazee wakapiga magoti. Safu kwa safu kanisa zima likateremka, benchi zikilia, na wimbo ukamalizika watu wote wakiwa chini, wengine wakitokwa na machozi. Mchungaji alisema baadaye kwamba katika utumishi wake hajaona mpiga kinanda mnyenyekevu namna ile.

Phelesia, ambaye unyenyekevu haukuwahi kumpitia hata njiani, alinyanyuka akipangusa gauni. Alimfuata Cephas hadi mlangoni na kumwambia wazi kwamba stendi yake inazama. Cephas, macho bado yamelowa, akamjibu kwamba alichokiona kushuka ni Roho. Tayari alikuwa akiwaeleza wageni jinsi alivyoichagua.

Phelesia alirudi ndani kuchukua kitabu chake cha nyimbo, na huko akamkuta Mniko amechuchumaa kando ya lile duara la chuma. Kijana alimwonyesha vidole vyake, vyeusi vya mafuta.

"Inavuja, mwalimu. Nilikuwa mlangoni. Nimeona yote." Akasita. "Hukuruka nota hata moja."

"Ningeruka ungejuaje?"

"Ningejua," Mniko alisema, na hakuangalia viatu vyake.

Phelesia alichukua kitabu chake akatoka. Lakini njia nzima ya kwenda nyumbani ilimsumbua kwamba mtu pekee aliyeona kilichotokea ndani ya jengo lile lililojaa watu ni yule aliyekuwa akimwita sikio moja.

Kamati ilikutana katikati ya wiki, kanisani. Safari hii Phelesia hakubishana. Aliomba tu, kwa sauti laini iliyowashtua waliomjua, mzee mwenyekiti akae mwenyewe juu ya ile stendi awaeleze wanakamati uzuri wake, maana mwenye kununua ndiye ajuaye. Cephas hakuhitaji kusukumwa. Akaketi juu ya ubao. Mniko akakanyaga mkono, mzee akapanda mpaka miguu ikaning'inia, akawa juu ya kila mtu, mahali alipopapenda.

Akaanza kuzungumza. Alizungumza juu ya chuma cha Ulaya, juu ya watu wanaoogopa maendeleo, juu ya vijiti. Alikuwa mtu wa kuzungumza kwa mikono, na kila alipourusha mkono mmoja alizunguka kidogo. Miguu yake iligusa sakafu alipofika kwenye maendeleo. Alipofika kwenye vijiti magoti yalikuwa yamekaribia kidevu, naye akiihutubia pembe ya ukuta penye ufagio. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, mama Roseline, mkubwa wa akina mama, akauliza bila kucheka:

"Mzee, umemaliza, au ndiyo umefika?"

Dubwana likauzwa kwa kinyozi mmoja wa pale pale Suna, ambaye alilitia mpira mpya wa kuzuia mafuta na kulifurahia sana. Cephas alikosa ibada moja kwa sababu ya homa, akarudi akisema kwamba yeye tangu mwanzo alipendelea mbao. Phelesia alimwacha aseme. Kumsahihisha mtu wa aina ile ni kumwosha nguruwe: maji yanakwisha na yeye anarudi matopeni.

Mniko alitumwa Homa Bay, akarudi na farasi wa Mokaya aliyefungwa kamba juu ya basi. Farasi alisimama imara. Hakuzama, hakuzunguka, na Phelesia alipiga ibada nzima mgongo umenyooka kama mlingoti. Kasoro moja tu ilijitokeza mchana wa siku ile ile, ambayo hata yeye hakuiona alipokuwa akiegemeza viwiko vyake pale sokoni: pini hazikuchomoka kinanda kikiwa juu. Ilibidi mmoja akiinue na mwingine ashushe nguzo. Na kwa kuwa yeye alipiga asubuhi na Mniko mchana, na kwa kuwa hakuwa tayari kumwachia mzee yeyote wa kamati ashike kinanda kile, ilimpasa abaki kanisani mpaka Mniko aje.

Akabaki, akinung'unika. Wakaishusha pamoja, yeye akiinua, Mniko akichomeka pini. Alikusudia kuondoka mara moja, lakini jua lilikuwa kali, akakaa benchi la nyuma kujipepea na kitabu cha nyimbo. Mniko akapiga. Alikosa nota ya nne ya wimbo wa kwanza, akaikosa tena katika ubeti wa pili mahali pale pale. Kisha, katika wimbo wa tatu, mkono wake wa kulia ulifanya kitu ambacho hakikuandikwa popote, kitu kidogo cha Kikuria kilichopanda juu ya sauti za waimbaji na kurudi mahali pake salama. Phelesia aliacha kujipepea.

Ibada ilipokwisha alimsubiri mlangoni.

"Nota ya nne unaikosa," alimwambia. "Na ule wimbo wa mwisho unaukimbiza kama mtu aliyeibiwa mbuzi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kile ulichofanya katika wimbo wa tatu. Nani alikufundisha?"

"Hakuna, mwalimu."

"Nilidhani hivyo," Phelesia alisema, na akamwambia kwamba Jumapili ijayo aje mapema kidogo, kabla watu hawajaingia, amwonyeshe kitu kile tena polepole.