Matanga ndani ya diski C

Hapana, hakumupiga na mwiko. Batu ba hapa mutaa Kimemi banaongezaka maneno. Mama Florentine alisimama tu mbele ya mashini, ile kompyuta, mikono ku kiuno, juu Kasonia, fundi, asifute kitu.

Mama Florentine njo alikuwa analinda ile mashini ya akiba kule kituo cha afya cha Butembo, yenye kushika kopi ya dosye, ni kusema mafaili, ya bagonjwa ba Beni. Juu Beni kule kuko vita, bajukuu bangu, unalala na nyumba, asubui iko majivu. Sasa mashini ya Beni ilianza kulia ndani kama kinu ya kahawa, ilitaka kufa. Kopi inakuya Butembo, inakatala: diski C, fasi mashini yenyewe inaishi na kopi inapitia kwanza, imejaa. Njo Kasonia akatoka Beni na pikipiki, vumbi mpaka mu kope.

Alifungua, akacheka mubaya.

"Mama, hii nini? Video ya matanga mu mashini ya bagonjwa?"

"Ya bwana yangu Stanislas. Flash ya soko yenye ilikuwa nayo ilishakufa. Mwanzoni iko anabariki batoto ku kitanda. Sauti yake haiko fasi ingine."

"Ninafuta."

"Futa, utaniona."

"Basi ninahamisha ku diski D, kuko nafasi."

"Ku D kuko bagonjwa. Mufu hatumulaze na bagonjwa. We ulizaliwa wapi?"

Kasonia akaachilia ile ya D, maana kwao pia ni vile. Florentine akaendelea:

"Na mutu yenye hakufika ku matanga, leo anataka kufuta matanga."

"Barabara ilifungwa, Mama. Balichoma magari."

"Bengine balifika."

"Bengine bana bahati."

"Bengine bana moyo. Toka kwanza nikuone."

Hakutoka. Alimuzunguka, akakaa. Kwanza alifagia: takataka ya mise à jour ya zamani, ile mashini inaachaka ikijipyaisha, na maprogramu yenye hakuna mutu anatumia. Ikapatikana nafasi kidogo, kopi ikakatala tena. Kulikuwa kipande ya diski tupu kabisa, haijapewa mutu. Lakini haikugusana na C. Katikati kulikaa kakipande kadogo, ka kuponyesha mashini ikianguka. Unaona, iko kama parcelle, kiwanja ya nyumba: hauongeze nyumba yako kwa kuruka jirani.

"Nikitoa haka kadogo," alisema bila kumuangalia, "na moto ya umeme ikikatika saa hii, mashini haitaamuka. Bwana yako anaenda nayo."

"Unaniogopesha."

"Ninakuambia. Ao nifute video."

Florentine akatoka mbele ya mashini.

"Toa jirani. Stanislas usimuguse."

Kasonia akaweka kakipande kwanza ku flash yake, akakatoa, akavuta C mpaka ikafunika ile fasi tupu. Rangi nyekundu ya diski yenye kujaa ikaisha. Kopi ya Beni ikaanza kuingia.

Mama hakusema aksanti. Alisukuma kiti ya Kasonia na goti, akafungua video. Sauti ya Stanislas ikatoka, nzito, ikiita batoto moya moya. Kasonia akajifanya anafunga mufuko yake, ile kamba ikamushinda.

Kopi iliisha jioni. Beni bakapiga simu, dosye zote zimefika. Agar, mupishi, akaleta bugali na sombe, majani ya muhogo.

"Nawa mikono," Florentine akasema. "Sijakusamehe."

"Sikukuomba, Mama. Nina njaa."

"Kaa basi, chakula inapoa."

Agar akaombea. Bakakaa bote batatu, kila mutu amegeuzia mwenzake bega, bakakula.