Makopo ya Wifi

Sitaficha: makopo ya maziwa ya wifi yangu yaliniumiza roho. Yeye ni mke wa kaka yangu, tunaishi nyumba moja na tulijifungua wiki moja. Kila mwezi tunakwenda pamoja kliniki kwenye mgao wa lishe. Mimi, kwa kuwa nanyonyesha, napewa unga na maharage, nayo nyumba nzima inavimaliza kwa siku nne. Yeye titi halikutoa hata tone, kwa hiyo anapewa makopo sita ya mtoto, na hakuna anayethubutu kuyagusa. Mama yangu mzazi ameyapanga juu ya kabati la vyombo, na wageni wakija wanaonyeshwa. Mimi nani aliwahi kunionyesha kwa mgeni?

Basi mwezi ule nikajifanya mjanja. Nilipofika mezani nikamwambia nesi kwamba maziwa yamekauka.

"Tangu lini?" akauliza.

"Wiki ya pili hii, dada."

Nesi akachukua kalamu abadilishe kadi yangu. Mwanangu nilikuwa nimemnyonyesha asubuhi ileile, nikamwacha nyumbani na bibi yake, asije akanitia aibu kwa kuparamia kifua mbele za watu. Nikajiona nina akili kushinda foleni nzima.

Nyuma yangu mtoto wa wifi akaanza kulia kwa njaa. Hakuwa wangu, lakini kifua hakikuuliza ni mtoto wa nani. Maziwa yakatoka yakalowesha blauzi pande zote mbili, na nilivyozidi kukunja mikono ndivyo yalivyozidi kuteremka hadi tumboni.

Nesi akarudisha kalamu mezani. "Mama, hilo nalo ni jasho?"

Foleni ikacheka. Nikapewa unga wangu na maharage yangu, nikatoka nimeinamisha kichwa.

Wifi peke yake hakucheka. Njiani nilisubiri anichambue, maana ulimi wake naujua. Akatembea, mfuko wa makopo ukimgonga gotini, macho kwenye blauzi yangu. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini:

"Hivi wifi, yakishuka unasikiaje?"

Najua vizuri ninavyosikia. Joto, halafu nafuu, halafu mtoto anafumba macho.

"Yanauma tu," nikamwambia.

Siku ile nilidanganya mara mbili. Ninaoujutia ni uongo wa kwanza tu.